Mwenyeji wa Limoges Aliyeishi Durban

Ukitaka kujua njia ya kutoka stesheni ya treni ya Limoges mpaka kanisa kuu la mji huo, mwaka 2011 mtu wa kumuuliza alikuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya South Beach, Durban. Barthélemy, mtu wa Uvira kule Kongo, mrefu, mwenye fulana ya njano inayong'aa na miguu isiyojua kutulia, angekuchorea njia nzima hewani kwa kidole. Utoke kwenye lile jengo lenye kuba na mnara wa saa, uvuke bustani, ufuate barabara ya mabasi yaliyofungwa kwenye nyaya za umeme, ukifika uwanjani ukate kushoto. Angekutajia hata rangi ya viti vya mgahawa wa kona. Na Ufaransa yenyewe alikuwa hajaikanyaga hata siku moja.

Aliitembea kwa macho tu. Zamu ya mchana ikiisha alivua ile fulana, akaikunja ndogo kabisa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akapanda taxi mpaka Warwick, penye masoko na vituo vya magari, kwenye duka la simu la Cathy. Cathy alikuwa mama wa Lubumbashi, mwenye sauti ya kumfikia mteja ng'ambo ya barabara kabla mteja mwenyewe hajajua kwamba anataka kupiga simu. Dukani kwake palikuwa na vibanda vya kupigia simu nchi za nje, kompyuta chache za kukodisha, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Kompyuta ya kona ilikuwa ya Barthélemy, na asiyejua hilo akiikalia alihamishwa bila maelezo.

Hapo alifungua ramani ya Google na kuingia kwenye picha za mitaa. Gari lenye kamera juu ya paa lilipita Limoges wakati fulani likipiga picha kila upande, basi wewe ukibofya unasogea mbele, ukibofya tena unasogea tena, unageuza shingo utakavyo, unachungulia madirisha ya watu, na hakuna polisi wa kukuuliza karatasi.

"Papa Barthe, leo unaenda wapi?" Cathy alikuwa akimuuliza kila alipomwona anavuta kiti.

"Marché."

"Basi uniletee kitunguu. Na usichelewe, minafunga mapema."

Wateja walicheka, na yeye alicheka pamoja nao. Lakini goti lake lilitikisika chini ya meza muda wote, mpaka kikombe cha kalamu cha Cathy kilikuwa kikitembea chenyewe ukingoni.

Tusimcheke sana. Katika mji ule alikuwako mke wake.

Alimwoa Marcelline kule Uvira mwaka 2003, mahari ikapelekwa, wazee wa pande zote mbili wakala wakashiba. Mwaka uliofuata Marcelline alikwenda Bukavu kumwona shangazi yake mgonjwa, risasi zikaanza akiwa huko, na kila mmoja akakimbilia upande aliouona uko wazi. Marcelline alivushwa na masista, akapitia nchi mbili tatu, akaishia Ufaransa. Barthélemy aliteremka na Tanzania, Malawi, Msumbiji, mpaka barabara ilipomwishia baharini, Durban. Kwa miaka kadhaa kila mmoja alimwombea mwenzake kama marehemu. Watu wa kanisani walimtafutia Barthélemy mwanamke mwingine, tena mzuri, akakataa kwa ukali usiokuwa na sababu.

Mwaka 2008 sista mmoja aliyekuwa anapita Durban alimletea namba ya simu. Aliipiga kwenye kibanda cha Cathy. Cathy husimulia mpaka leo kwamba walilia wote wawili kwenye simu bila kusema neno hata moja, na kwamba ile ndiyo simu pekee katika maisha yake ya biashara aliyoona aibu kumdai mtu.

Tangu hapo walizungumza kila Jumapili, na kila Jumapili Barthélemy alingojea neno moja tu, 'njoo' ya kwao. Kuja. Wakongomani wote wa Durban walijua mambo yanavyokwenda: aliyeko Ulaya ndiye humwita aliyeko Afrika, karatasi zinapanda zinashuka, na siku moja unajikuta uwanja wa ndege umevaa koti la kuazima. Kweli, kwao Uvira mke ndiye anayeitwa kwa mumewe. Mwanaume akimfuata mke, watu husema ameolewa. Lakini ikiwa ni Ulaya watu husamehe, na Barthélemy aibu hiyo alishaimeza zamani. Lililobaki ni neno lenyewe. Marcelline hakulisema. Aliuliza habari za jua la Durban, akauliza kama samaki wa baharini wana ladha ya wale wa ziwani kwao, kisha akamtakia Jumapili njema na kukata.

Nao wote wawili walikuwa wanadanganyana, kama wanavyodanganyana watu wote waliotenganishwa na safari ya ndege. Marcelline alisema anafanya kazi "katika porcelaine", maana Limoges ni mji wa kaure, ule udongo mweupe unaochomwa mpaka mwanga unapenya ndani yake. Alituma picha: yuko nyuma ya meza iliyopangwa sahani nyeupe zenye utepe wa dhahabu, mkono wake umetulia kwenye birika la chai kama mwenye mali. Barthélemy naye alituma za kwake, ameegemea gari, na kila picha ilikuwa na gari tofauti. Alimwambia yeye ni chef d'équipe, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye kiwanda kule Jacobs. Kiwanda kilikuwepo kweli, na alikibebea makopo ya rangi kwa miezi kadhaa mpaka watu walipopunguzwa. Cheo ndicho alichokitunga mwenyewe kwenye kibanda cha simu, na ukishakitoa mdomoni unakirudishaje?

Mwanzoni alijifunza Limoges ili siku akifika asionekane mshamba. Alianza na stesheni, akaipenda, akakaa hapo wiki nzima. Kisha akashuka mtoni, kwenye daraja la mawe la zamani ambalo mahujaji walikuwa wakilipita, akavuka ng'ambo na kurudi, akavuka tena. Akazunguka soko kuu, jengo la chuma na matofali ambalo juu ya ukuta wake, pande zote, wamebandika vigae vya kaure vyenye picha za vitu vinavyouzwa ndani: samaki, ndege, mboga, sungura wananing'inia miguu juu. Hilo lilimfurahisha kweli. "Ona," alimwambia Cathy, "hawa watu wamechora soko juu ya soko." Cathy akasema hata Warwick wangechora, ukuta usingetosha.

Kulikuwa na mtaa mmoja uliomkatalia. Ulikuwa wa wachinjaji wa zamani, Rue de la Boucherie, nyumba za mbao na udongo zimeinamiana kama walevi wanaosindikizana. Barthélemy alikuwa anakula kila wiki kwa wanawake wa Kizulu wanaopika vichwa vya ng'ombe pale Warwick, hivyo aliona ana haki fulani na mtaa wa wachinjaji. Lakini gari la picha lilikuwa halijaingia humo, pengine kwa wembamba wake. Alifika mdomoni mwa mtaa, akachungulia, akabofya, akabofya kwa hasira, na mtaa ukabaki pale pale. Kila siku alirudi kujaribu tena, kana kwamba kuna mtu angemfungulia.

Kisha ukamwingia ugonjwa wa sahani. Marcelline alimwambia kwamba sahani ya kweli ya Limoges ina muhuri chini, na wenyeji wa kule wakikaribishwa mahali huigeuza kidogo waone imetoka kiwanda gani. Basi Barthélemy akawa mwenyeji. Aligeuza sahani kwenye harusi, akageuza kwenye matanga, akageuza kwa padri. Siku moja pale kwa wapika vichwa aliinua sahani iliyojaa nyama na supu ili atazame tumbo lake, supu ikaingia kwenye mkono wa shati na kushukia kiatu cha jirani.

"Hhayi bo, bhuti!" yule mama wa Kizulu akapiga kelele. "Ufunani ngaphansi?"

Alikuwa anauliza anatafuta nini huko chini. Barthélemy aliomba radhi, akamfutia jirani kiatu. Chini ya sahani hapakuwa na kitu ila plastiki iliyochubuka.

Yote haya yalikuwa kichekesho mpaka ilipofika ile anwani.

Mtu mmoja wa Uvira alikuwa anasafiri kwenda Ufaransa, naye Barthélemy alitaka kumpelekea Marcelline ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani kwao. Marcelline akamtumia anwani: namba tisa, mtaa fulani mwembamba nyuma ya soko kuu. Ndagala wakaenda. Na Barthélemy, ambaye kwa miaka hiyo yote mkewe alikuwa amemwambia tu "karibu na mjini", hakungoja hata Cathy amalize kufungua duka siku iliyofuata. Aliandika anwani, akabofya, akashuka mbele ya namba tisa.

Ilikuwa duka la sahani. Kioo kitupu toka chini mpaka juu, na sahani zimesimamishwa ndani. Ghorofani madirisha yamefungwa mbao. Aligeuka kulia, ukuta. Kushoto, ukuta. Alizunguka mtaa wa nyuma akitafuta mlango mwingine, akakuta mapipa ya taka. Hapo hakai mtu. Na mbele ya duka, mlangoni, alisimama mwanaume mwenye aproni, mkono mfukoni, amejiachia kama mtu aliye kwake. Uso wake ulikuwa umefutwa, kama wanavyofuta nyuso zote kwenye picha zile.

"Huyu nani?" Barthélemy aliuliza kwa sauti.

Cathy akaja akainama. "Ni muntu tu."

"Amevaa tablier. Ni mwenye duka."

"Na akiwa mwenye duka?"

Barthélemy alibofya kumsogelea. Alikuwa ameshamjua. Huyo ndiye sababu ya neno kutosemwa miaka yote hiyo. Zile sahani kwenye picha ni zake, birika ni lake, na Marcelline amesimama nyuma ya meza yake. Mtu mwingine angejiuliza kidogo, lakini huyu hakuwa mtu wa kujiuliza. Alimchukia mwanaume yule asiye na uso kwa moyo wote. Kila siku alikwenda kumtazama. Alimsogelea, alimzunguka, alimtazama kutoka ng'ambo ya mtaa, na jamaa hakutoa mkono mfukoni.

Usingizi ulimhama. Chakula kilimshinda, yeye mtu wa kumaliza sahani kabla ya kuigeuza. Kazini alikuwa anatembea huku na huku kati ya magari mpaka walinzi wenzake wakamwambia akae chini, anawatia kizunguzungu. Siku moja alikuwa anamwongoza mzee mmoja wa Kihindi arudishe gari nyuma, mkono unapunga, mdomo unasema njoo, njoo, njoo, na macho yapo Limoges. Gari likapiga nguzo. Mzee alishuka, akatazama taa iliyovunjika, akamtazama Barthélemy, na alichokiona usoni kilimfanya aulize kama ana mgonjwa nyumbani.

"Niko na mke Ufaransa," Barthélemy alijibu kwa Kiingereza chake kibovu, kana kwamba hilo lilieleza nguzo.

Jioni hiyo akamwambia Cathy mpango wake. Jumapili atampigia Marcelline na kumwambia watembee mji pamoja, yeye kwa picha na Marcelline kwa miguu. Hatamwambia wanaelekea wapi. Atamzungusha, amfurahishe, amchoshe, kisha amfikishe namba tisa na kumwambia aoneshe mlango wa nyumba yake.

"Ile ni roho mubaya, Papa Barthe," Cathy alisema.

"Ni haki yangu."

"Sikatae haki. Nasema roho mubaya."

Lakini alimpa simu ya mezani yenye waya mrefu, ukafika mpaka kona.

Jumapili ile ya Novemba Durban ilikuwa na jua la kuchoma lami. Barthélemy alitoka misani moja kwa moja, bado amevaa suruali ya kanisa, akakaa, akafungua Limoges. Kwenye picha ilikuwa kiangazi, miti imejaa majani, watu na nyuso zao zilizofutwa wamevaa mikono mifupi.

"Iko baridi, Barthe," Marcelline alisema. Alikuwa anahema. "Nimevaa kila kitu niko nacho. Niko stesheni vile ulisema. Sasa?"

"Tazama mbele. Iko bustani?"

"Iko. Miti imebaki mifupa."

"Kwangu iko na majani. Vuka. Ukitoka kule utaona mgahawa wa viti vyekundu."

"Viti... ee. Viti viko! Lakini vya bleu."

"Wamebadilisha," Barthélemy alisema kwa uchungu wa mwenyeji.

Wakaenda. Alimpandisha barabara ya mabasi ya waya, akamkatisha kushoto, akamshusha kwenye kanisa kuu, akamwambia ainue kichwa atazame mnara unavyobadilika umbo kila unapopanda. Akamtelemsha mtoni. Marcelline alikuwa anasema "Mungu wangu", "kumbe", "ona hii". Pale darajani hatua zake zikakoma, Barthélemy akadhani simu imekatika.

"Uko?"

"Niko. Natazama maji. Sikujua iko mto hapa."

"Marcelline, uko mji ule miaka mingapi?"

"Natoka, naingia bus, nafanya kazi, naingia bus, narudi. Dimanche, siku ya misa, nalala. Nani angenitembeza?" Akacheka kidogo. "Sasa wewe unajua kwangu kunipita."

Hilo lilimchoma Barthélemy mahali ambapo hakujiandaa. Alikuwa amekuja na kisu, na huyu mwanamke anashangilia daraja. Alimtazama Cathy, aliyekuwa anajifanya kupanga betri rafuni. Cathy hakumsaidia.

Wakapanda tena mjini. Walipofika mdomoni mwa mtaa wa wachinjaji, Barthélemy akasimama. "Hapa mimi siingii. Picha inaishia hapa. Ingia wewe, unambie."

Marcelline akaingia. Kwa mara ya kwanza Barthélemy hakuwa na kitu cha kuona, akafumba macho, akamsikiliza. Marcelline alimwambia mawe ya chini yanateleza. Akamwambia madirisha bado yana vyuma vya kutundikia nyama. Akamwambia iko kanisa, dogo sana, kama la kuweka kuku, na ndani iko sanamu ya Bikira na Mtoto Yesu anakula kitu.

"Anakula nini?"

"Ngoja. Kuna mama anafagia, namuuliza." Sauti za Kifaransa zikasikika kwa mbali. "Anakula figo, Barthe. Wachinjaji walimpa Yesu figo."

Walicheka wote wawili, kicheko kile cha zamani cha Uvira, cha kabla ya yote. Barthélemy alifuta macho kwa mkono wa shati. Angeweza kuishia hapo. Angesema asante, Jumapili njema, na kurudi nyumbani na kile kicheko. Lakini yule mwanaume wa aproni alikuwa mitaa miwili tu mbele, na miguu ya Barthélemy, hata ikiwa chini ya meza, haikujua kukaa.

"Endelea juu. Utaona soko. Pita nyuma yake."

Hatua za Marcelline zikapungua. "Barthe, tupite njia ingine. Huku nakujua."

"Hapana. Pita huku."

"Nimechoka."

"Ni karibu."

Akatembea. Barthélemy alibofya taratibu, hatua yake kwa hatua ya Marcelline, mpaka akafika mbele ya kioo kile, na jamaa yuko pale pale mlangoni.

"Umefika namba tisa?"

"Nimefika."

"Iko nini hapo, Marcelline?"

Gari lilipita Limoges, na Warwick mtu alikuwa anaita abiria wa Umlazi.

"Iko duka," Marcelline alisema.

"Na nyumba yako?"

"Siko na nyumba." Alilisema haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Nalalaka kwa foyer ya wahamiaji, kule bus inaishia. Chumba moja na mama wa Guinée. Hapa napangusa vumbi asubuhi mapema, mbele wafungue. Ile barua za foyer zinapotea, Madame wa hapa akaniambia nitumie anwani ya duka. Zile picha nilipiga hapa, siku ameenda kula. Nilipanga sahani mwenyewe, nikarudisha mwenyewe. Sasa umejua."

Barthélemy alikuwa amengojea wiki nyingi kuuliza swali lililofuata, na likatoka vibaya, kwa sauti ya mtoto. "Na ule mwanaume wa tablier?"

"Mwanaume gani?"

"Anasimama hapo kwa mlango. Mkono mfukoni."

"Hapa hakuna mwanaume. Duka iko ya Madame mwenyewe. Bwana yake alikufa zamani, mbele nianze kazi." Akasita. "Yeye ndiye alikuwa akivaa tablier. Picha yake iko kwa caisse, pale watu wanalipia. Wewe ulimuona wapi?"

Barthélemy aliitazama skrini. Wiki zote hizo alikuwa anamwonea wivu marehemu wa watu. Aibu ilimpanda toka miguuni mpaka masikioni, na kwa sekunde kadhaa akajaribu kuikimbia. Alikuwa na nafasi nzuri ya kukasirika. Amedanganywa, ushahidi anao, mume ni yeye. Angeweza kufoka, naye Marcelline angeomba msamaha. Cathy aliacha betri, akamkazia macho, akatikisa kichwa mara moja tu.

"Mimi nalinda magari ya watu," Barthélemy alisema. "Beach. Navaa kagile ya njano, naambia watu wageuze huku, wageuze kule. Jacobs walinifukuza zamani. Hata chef sikukuwa, nilibeba tu."

Alitegemea kilio, au simu kukatwa. Marcelline alivuta pumzi ndefu, na ilipotoka ilikuwa na kicheko ndani yake. "Ndiyo maana magari yanabadilika kila picha. Nilisema huyu bwana yangu ni mwizi."

Kisha Marcelline akasema kwa sauti nyingine, ya chini. "Barthe, mimi siwezi kukuita. Serikali ya huku, mtu akitaka kuita bwana yake, inataka nyumba ya kutosha na mshahara wa kutosha. Nilijua toka mwaka wa kwanza. Kwa kazi hii sitaipata."

"Mbona hukusema? Nimengoja miaka mitatu!"

"Na mimi je? Mimi sikungoja?"

"Ulingoja nini?"

"Uniite!" Alipaza sauti mpaka Cathy akaisikia. "Mimi ni bibi yako. Ulipeleka ng'ombe kwetu. Tangu lini mwanamke anajipeleka kwa bwana kama mzigo umesahaulika? Nakuulizaka jua, nakuulizaka bahari, nakuulizaka samaki, nafungua mlango kila dimanche, na wewe unajibu habari ya samaki! Nikasema basi. Huyu iko na kazi, iko na magari, iko na mwanamke kule. Hanitaki."

Katika miaka yote ile, kati ya watu wote ambao Barthélemy aliwajua, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba mtu anaweza kutoka Ulaya kuja Durban. Njia ilikuwa ya upande mmoja, hata watoto walijua. Alikuwa amegeuza desturi ya kwao ili iifae Ulaya, na mkewe, katika chumba cha nusu kule mwisho wa basi, alikuwa ameishika ilivyo.

"Lakini huku ni vibaya," akasema. "Wenyeji wanatufukuza wakikasirika. Mimi nalala nyuma ya rido, pazia tu, chumba kimoja na wanaume wengine. Siko na mlango wa kufunga."

"Sijaulizia mlango."

"Hakuna masister wa kukusaidia. Hakuna foyer."

"Sijaulizia foyer, Barthe."

Alisimama. Waya wa simu ukanyooka, kikombe cha kalamu kikaanguka, na kalamu za Cathy zikasambaa sakafuni. Hakuna aliyeziokota. Mteja mmoja aliyekuwa anangojea kibanda alikuwa ameshaacha kujifanya hasikilizi.

"Kuja," Barthélemy alisema. Kisha akarudia. "Kuja, Marcelline. Kuja Durban. Nakuita."

Kule upande wa pili upepo ulipiga kwenye simu. Barthélemy alisikia jino likigongana na jino, kwa baridi au kwa kilio, hakujua.

"Miaka hii yote," Marcelline alisema mwishowe, "ulikuwa wapi?"

Barthélemy alikuwa huko huko Limoges, kila siku, akimtafuta mtaa kwa mtaa.